Ukifika Kapchorwa na van, lala kwanza

Jamani mnaozunguka Uganda na van na baiskeli za milimani nyuma, mkifika upande wa Mlima Elgon msikimbilie kushusha baiskeli siku hiyo hiyo. Kampala iko kama mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mji wa Kapchorwa unakaribia 1,900, na ukipanda kuelekea msituni unapita 2,000 bila kujua, kwa hiyo paki, chemsha chai, kunywa maji mengi, lala, asubuhi utaona pumzi haikatiki kila kilima.

Na toka mapema. Msimu wa mvua huko mara nyingi inapiga mchana, na ule udongo mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kabisa, unabaki kuukwangua na kijiti.

Ila kubwa ni breki. Miteremko ni mirefu sana kuelekea maporomoko ya Sipi, usiishike breki njia nzima, bana kwa nguvu kidogo halafu achia ipoe, bana tena, achia. Ukiona mkono wa breki umelegea unaingia mpaka karibu na hendeli, simama hapo hapo pumzika, na usimwagie diski maji baridi, itapinda. Vile vinjia vinapita katikati ya kahawa na migomba ya watu, watoto na mbuzi wanachomoka popote, punguza na usalimie. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon yenyewe pata kwanza ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.

Jioni futa cheni, tia oili, ingiza baiskeli ndani ya van.