Namna ya Kubaini Msongo wa Mawazo kwa Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa anapofika kliniki ya saratani hupimwa joto, shinikizo la damu, uzito na wingi wa damu, lakini ni mara chache kuulizwa mawazo yamemwelemea kiasi gani. Kipimo cha jambo hilo hakihitaji maabara. Kilianzia New York katika miaka ya 1990, kikiwa ni mchoro wa kipimajoto wenye namba 0 hadi 10, ambapo 0 ni utulivu na 10 ni taabu iliyopita kiasi, na mgonjwa huonyesha namba inayolingana na hali yake ya wiki iliyopita pamoja na siku hiyo.

Tafuta kwanza mahali pa faragha, na umwombe ndugu aliyemsindikiza, kwa heshima, asubiri nje kidogo. Baadhi ya familia humficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, kwa hiyo anza kwa kumuuliza, "Mama, umeelezwaje kuhusu ugonjwa huu?" kisha utumie jina analolitumia yeye mwenyewe. Habari ya ugonjwa isipasukie katika swali la uchunguzi; ana haki ya kuelezwa na daktari wake kwa utaratibu.

Uchaguzi wa maneno unastahili uangalifu kuliko hatua nyingine yoyote. Ukimuuliza juu ya "dhiki", wengi watakueleza ukosefu wa fedha. Ukimuuliza hali ya "moyo" akiwa hospitalini, huenda akakuambia kwamba unamdunda. Neno linaloeleweka upesi ni "mawazo", kwa maana mtu aliyelemewa husema mwenyewe, "Nina mawazo." Asiyezoea mchoro wa kipimajoto asiletewe picha ya ngazi, kwa sababu kupanda ngazi huchukuliwa kuwa heri, ilhali hapa namba kubwa ni shida. Mwambie afikirie mzigo kichwani: 0 hana mzigo, 10 hawezi kupiga hatua.

Namba 4 au zaidi inakutaka uendelee kuuliza, tena siku hiyohiyo. Uliza juu ya maumivu, usingizi, nauli, mahali pa kulala wakati wa tiba ya mionzi, watoto walioachwa nyumbani, ndoa na imani. Mama aliyetoka mkoani kuja Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa matibabu ya wiki kadhaa anaweza kukutajia 8 kwa sababu ya malazi tu, na huyo humhitaji afisa ustawi wa jamii kabla ya mtu mwingine. Mwenye maumivu atulizwe maumivu kwanza, kisha aulizwe tena.

Huzuni ikitawala, tumia dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Tafsiri yake ya Kiswahili ilihakikiwa nchini Kenya kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Jumla ya 10 au zaidi kati ya 27 inahitaji tathmini ya mtaalamu wa afya ya akili. Kumbuka kwamba uchovu na kukosa hamu ya kula huweza kuletwa na saratani yenyewe au dawa zake, hivyo yatazame kwa makini maswali mawili ya mwanzo, la kukosa hamu ya kufanya mambo na la huzuni.

Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisirukwe kwa kuona haya. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akijibu kwamba analo, hata kwa siku chache, usimwache peke yake. Mwite daktari, na muulize kwa upole kama amekwisha kupanga namna ya kujidhuru.

Andika namba aliyoionyesha mgonjwa kati ya 0 na 10 kwenye faili, kando ya joto na shinikizo la damu, pamoja na hatua iliyochukuliwa, na urudie kipimo tiba inapoanza, inapokwisha, ugonjwa unaporudi na mgonjwa anapohamishiwa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na taabu. Kipindi cha kumaliza tiba husahaulika zaidi: ndugu wanashangilia, naye anarudi nyumbani na hofu ambayo hakuna aliyemuuliza.