Ladu za tende na korosho bila kuoka: tende ndiyo kazi, mengine kutwanga tu

Ladu hizi hazina sukari ya kuongeza, hazina asali, hazina unga. Kinachozishikisha ni tende peke yake, kwa hiyo zikikataa kushikana, au zikilowa na kuota ukungu siku ya tatu, kagua tende kwanza. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwa joto la Tanga yanahitaji kurekebishwa.

Vipimo vya ladu kama 20, kila moja gramu 25:

Tende zilizotolewa kokwa, gramu 250
Korosho, gramu 100
Karanga, gramu 80
Ufuta, gramu 30
Nazi iliyokaushwa, gramu 40 (nusu ya ndani, nusu ya kuviringishia)
Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Korosho nunua za vipande. Nzima unalipia sura tu, na hapa zinakwenda kinuni. Iliki nunua punje zikiwa ndani ya maganda, zile za Muheza zinatosha kabisa, utwange mwenyewe. Ya unga iliyokaa dukani inabaki rangi bila harufu.

Hatua ya 1: Kaanga

Kaanga korosho, karanga na ufuta kila kimoja peke yake, kikaango kikavu, moto mdogo. Ufuta unaiva dakika mbili tatu na ukianza kurukaruka uepue. Kabla ya kukaanga, chambua karanga moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, kwa sababu kukaanga hakuondoi sumukuvu. Menya maganda, kisha acha vyote vipoe kabisa. Ukitwanga vya moto vinatoa mafuta upesi, na mchanganyiko wenye mafuta mengi unateleza mkononi badala ya kushikana.

Hatua ya 2: Nazi

Wengi hukuna nazi mbichi na kuitia hivyohivyo. Inachacha. Njia nzuri ni chicha: ukishakamua tui la kwanza na la pili kwa ajili ya wali au mchuzi, chicha inayobaki ina mafuta machache na inakauka haraka. Itandaze kikaangoni, moto mdogo, ukigeuza mpaka isikike kama makapi. Ipoe.

Hatua ya 3: Tende

Hapa usikimbie.

Tende za kupima kwa kilo pale Ngamiani, mjini Tanga, hazilingani. Zile laini zilizobanwa pamoja hazihitaji kitu, pasua tu uzitwange. Zilizokaa muda mrefu, hasa zilizobaki baada ya Ramadhani, huwa ngumu na ngozi imejitenga na nyama. Mapishi yanakwambia uziloweke kwenye maji ya moto. Usifanye hivyo. Tende kavu haiozi kwa sababu sukari ni nyingi na maji ni machache. Ukiiloweka inanywa maji, na kwa joto na unyevu wa hapa, hasa masika, ukungu unapata nafasi. Hata ukizikamua, maji yaliyoingia ndani hayatoki.

Tende ngumu zipe mvuke. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka chungio la chuma juu bila kugusa maji, panga tende zilizopasuliwa, funika na mfuniko uliofungwa kitambaa ili matone yasizidondokee. Dakika 5 hadi 8 zinatosha. Kisha zitandaze kwenye sinia chini ya feni dakika 20. Zijaribu kwa kubana moja kati ya vidole: ibonyee bila kupasuka, na kidole kibaki kinanata lakini hakina maji. Ukiona maji, rudisha kwenye feni.

Wakati wa kupasua fungua kila tende mpaka ndani, hata zilizoandikwa hazina kokwa. Kipande cha kokwa kinavunja jino, na wadudu hujificha humohumo. Yenye unga mweusi ndani tupa.

Je, zikishalowa? Usitie unga wa ngano mbichi ili kukaza, maana hautapikwa tena. Ziweke kwenye sufuria nzito, moto mdogo, ukoroge kwa mwiko kama unavyokaza halua, mpaka zianze kuachana na sufuria. Zikipoa zitwange kama kawaida.

Ukitaka zabibu kavu, zichukue nafasi ya gramu 50 za tende, zisizidi. Embe kavu likate vipande vidogo kwa kisu, halitwangiki.

Hatua ya 4: Twanga

Tumia kinu cha mbao kisichotwangiwa kitunguu saumu. Korosho na karanga ziishie chengachenga. Blenda ndogo ya nyumbani inafaa kwa karanga, lakini tende inajisokota kwenye visu na mota inaanza kunuka. Kwa kilo mbili au zaidi, mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono inashinda zote, mradi imeoshwa kwa maji ya moto na kukauka.

Twanga tende peke yake mpaka iwe donge moja, ndipo utie vingine kidogo kidogo na kukanda.

Hatua ya 5: Viringisha

Paka viganja tone la mafuta ya nazi, usilowanishe kwa maji. Zikipasuka pembeni ongeza tende moja. Zikinata sana ongeza ufuta. Viringisha kwenye nazi.

Usifuate mapishi yanayotia mafuta ya nazi ili yagande na kushikisha ladu. Mafuta hayo yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na mchana wa Tanga mara nyingi unapita hapo. Ukizitoa kwenye friji zinalegea sahanini. Chokoleti ya juu nayo inayeyuka hivyohivyo.

Kuhifadhi

Chombo kikavu chenye mfuniko, karatasi kati ya tabaka. Mezani siku tano, kwenye friji wiki tatu. Ukimpelekea mtu, mwambie zina karanga na korosho. Zilizotiwa nazi mbichi ziliwe siku hiyohiyo.