Jinsi ya Kujua Klabu Yako ya Taekwondo Imetoka Tawi Gani

Mtu akitaka kujua asili ya klabu yake, simtumi kwa mwalimu. Kila mwalimu atadai yake ndiyo taekwondo halisi. Naomba kwanza cheti cha mkanda mweusi.

Kikiwa cha Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, kazi imekwisha: huo ni upande wa Olimpiki.

Kikiwa cha ITF (Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo), vuta kiti. Jenerali Choi Hong Hi aliliunda shirika hilo Seoul tarehe 22 Machi 1966, akakosana na serikali ya Park Chung-hee, rais wa Korea Kusini, na mwaka 1972 akalihamishia Toronto, Kanada. Mwaka 1985 makao yakaenda Vienna. Choi akafariki mwaka 2002, na katika miaka hiyohiyo shirika likapasuka makundi matatu, yote yakishikilia jina la ITF (nembo zenyewe hazikusaidii sana). Kwa hiyo soma sahihi ya rais: ni ya kundi la Chang Ung, la Tran Trieu Quan, au la Choi Jung-hwa, mtoto wa jenerali (wao wenyewe au waliowarithi)? Ikiwa ya Jenerali Choi mwenyewe, cheti ni cha kabla ya mpasuko, na itabidi utafute kipya zaidi.

Hakuna cheti? Mwambie mwanafunzi aonyeshe mfululizo wake wa kwanza wa mapigo na vizuizi vilivyopangwa. Chon-Ji ni dalili ya ITF, Taegeuk ni ya Kukkiwon. Kwa wenye mkanda mweusi wa ITF, uliza kama wanafanya mfululizo wa Juche au wa Ko-Dang. Jenerali Choi aliweka Juche mahali pa Ko-Dang miaka ya 1980. Walioondoka ITF kabla ya hapo wamebaki na Ko-Dang, ingawa wengine wameirudisha baadaye.