Jinsi ya kufundisha wanafunzi wa uinjinia kufikiri wenyewe: wape lalamiko, usiwape hesabu

Walimu wenzangu wa uinjinia, hasa nyie mnaoanza kufundisha mwaka huu, hebu tuongee. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ukimpa urefu wa bomba, kipenyo na kasi ya maji anakupigia presha inayopotea humo ndani chap kwa haraka, mpaka desimali ya tatu. Ila mpeleke saiti, mtu amwambie tu "maji hayapandi juu", anaganda. Na si kwamba hajui kitu, ni kwamba tangu fomu wani kazoea swali linalokuja na data zote, fomula moja na jibu moja, kwa hiyo akikosa namba anaona swali halijakamilika. Kazi yetu ni kumzoesha hayo maswali ambayo hayajakamilika, maana kazini atakutana nayo kila siku.

Anza kwa kuchagua lalamiko. Liwe la sehemu wanayoijua na wanaweza kwenda kuiona kwa miguu, liwe na majibu zaidi ya moja, na uliandike ubaoni vile vile mlalamikaji angelisema. Mimi napenda sana hili: "Injinia, hosteli yetu ghorofa ya tatu asubuhi hakuna maji, tumechoka kubeba ndoo." Basi. Usiweke namba hata moja.

Nusu saa ya kwanza kalkuleta zikae kwenye mabegi na suluhisho lolote ni marufuku, ni maswali tu. Kuna mtu atapiga kelele "tununue pampu!", na kweli kila darasa yupo, wewe iandike pembeni ya ubao endelea, usimwambie amepatia wala amekosea. Hapo wewe unakuwa patroni wa hosteli, unajibu kinachoulizwa tu na kwa lugha ya patroni. Wakikuuliza presha ni ngapi unawaambia "mi presha siijui wanangu, mi najua maji hayatoki". Watanyamaza. Huo ukimya uvumilie, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mwalimu, mkono unawasha unataka kuwasaidia lakini tulia, kwa sababu baada ya muda kuna mmoja, mara nyingi yule wa nyuma asiyeongeaga, atauliza "na usiku je?" Unamjibu usiku yanatoka vizuri tu, saa 8 usiku watu wanafua kabisa huko juu.

Sasa hapo darasa linaamka. Tenki ni lile lile, bomba ni lile lile, ghorofa haijahama, kilichobadilika kati ya usiku na asubuhi ni nini? Ni idadi ya koki zilizofunguliwa. Wakifika hapo wenyewe ujue umeshafundisha kitu ambacho hata uchore ubao mzima usingekifundisha.

Wakishajua wanatafuta nini ndo waanze makadirio, bado bila kalkuleta. Hosteli ina watu 200, kila mtu anaoga ndoo moja ya lita 20, hiyo ni lita 4,000, na wote wanaoga kati ya saa 12 na saa 1 na nusu, kwa hiyo bomba linatakiwa lipitishe kama lita 44 kwa dakika. Vipimo vingine wape pale tu wanapoviomba (wakiweza kwenda kupima wenyewe ni bora zaidi): tenki liko mita 3 juu ya mabomba ya kuogea ya ghorofa ya tatu, bomba kuu ni la inchi moja, urefu mita 40. Hapo sasa toeni kalkuleta. Kwa mtiririko huo msuguano unakula kama mita 5 na nusu za presha (presha hapa tunaipima kwa kimo cha maji), na sisi tunazo 3 tu, zile za kimo cha tenki, ndo maana asubuhi huko juu ni pakavu. Usiku mtiririko ukishuka mpaka robo, kinachopotea kinashuka mpaka moja ya kumi na sita, kwa sababu kinaenda na mraba wa mtiririko, inabaki kama sentimita 35 hivi, maji yanapanda bila shida. Fomula ni ile ile waliyoikariri kwenye madesa, ila leo inawaeleza kitu wanachokiona kila asubuhi wakiwa na ndoo mkononi.

Halafu inakuja sehemu ya ubunifu, na hapa wengi tunaharibu kwa kusema "haya jadilianeni". Grupu la watu sita, anaongea mmoja, watano wanatingisha kichwa. Mwaka 1958 watafiti wa chuo cha Yale kule Marekani walilinganisha watu waliokaa pamoja kutoa mawazo na idadi ile ile ya watu waliofikiri kila mmoja kivyake kisha mawazo yao yakajumlishwa, na wale wa kivyake ndio walitoa mengi zaidi. Kwa hiyo kila mtu achukue karatasi, dakika kumi za kimya, aandike angalau njia tano, baadaye ndo wakae wanne wanne wabadilishane karatasi na kila mmoja aongeze kitu kwenye wazo la mwenzake. Kuongea mwishoni.

Wakiishiwa mawazo wabane. Waambie pampu hairuhusiwi na hela ya umeme wa ziada hakuna. Masharti hayaui ubunifu, mwaka 1970 chombo cha Apollo 13 kilipoharibikia angani mainjinia wa huku chini walitakiwa wabuni namna ya kuunganisha vichujio vya hewa vya mraba kwenye mfumo wa vichujio vya duara, wakitumia vile tu wanaanga walivyokuwa navyo, mifuko ya plastiki, makaratasi magumu, mipira ya kupitishia hewa ya suti zao na selotepu, na wakafanikiwa.

Ukishawabana hivyo utaanza kuona vitu. Kuna atakayesema tubadilishe bomba liwe la inchi moja na nusu, mwache apige hesabu aone mwenyewe kwamba ile mita 5 na nusu inashuka mpaka kama 0.7 kwa sababu kipenyo kinaingia kwa kipeo cha tano, na niamini hiyo tano hataisahau tena. Mwingine tenki dogo juu ya paa lijae usiku. Mwingine tukakague vyoo vinavyovuja na valvu iliyofungwa nusu. Halafu kuna atakayesema kwa sauti ya chini, "si tupange tu zamu za kuoga?" na wenzake watacheka. Usiruhusu hicho kicheko kipite. Mwambie apige hesabu: uogaji ukisambaa kwa masaa matatu badala ya lisaa limoja na nusu mtiririko unakuwa nusu, kinachopotea kinashuka mpaka mita 1.4, maji yanafika juu, gharama shilingi sifuri.

Hili la kicheko nalisisitiza sana kwa sababu sisi Watanzania tuna Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa Magamba sekondari aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yameganda kabla ya yaliyopozwa, akauliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyetoka Dar kuja kuwapa mhadhara, wenzake wakacheka, lakini Osborne alirudi Dar akaomba jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wakachapisha makala wote wawili. Wanasayansi wanabishana kuhusu hilo jambo mpaka leo. Mwanafunzi akikuuliza swali la ajabu, jibu lako liwe "tutalijaribuje?" na umpe ufunguo wa karakana.

Na karakana haihitaji bajeti. Ndoo juu ya meza, bomba jembamba, koki tatu, na ule mpira unaoonyesha maji ndani, mafundi wanaoutumia kupimia levo, unaunganishwa kwa tii katikati ya bomba usimame wima. Fungua koki moja, maji kwenye mpira yanashuka kidogo, fungua zote tatu yanaporomoka mbele ya macho yao.

Maksi sasa. Kama mtihani wa mwisho ni wa pasti pepa, hayo yote watayaona mchezo, na wana haki. Kwenye kila maksi 20 za kazi kama hii mimi naweka 6 kwa maswali waliyouliza na namna walivyoieleza shida, 4 kwa makadirio, 6 kwa njia walizofikiria na kwa nini waliziacha, 4 kwa hesabu ya mwisho. Darasa la watu 150 usijaribu kila wiki utachoka, kipindi kimoja kila wiki mbili kinatosha.

Wa umeme waanze na hili: "taa za karakana zinafifia kila mtu akianza kuchomelea." Wa mitambo: "mashine ya kukoboa inakata mkanda kila wiki." Wa barabara wapeleke kwenye kalavati linalofurika karibu na chuo, waende mvua ikiwa inanyesha.