Kufundisha Kiingereza Thailand ukiwa mwanamke peke yako, na urudi na pesa

Tuanze na hesabu shoga, maana najua ndiyo iliyokuleta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Isan, kule kaskazini mashariki mwa Thailand kwenye mashamba ya mpunga ambako watalii hawafiki, na mshahara ulikuwa baht 23,000. Baht moja shika kama shilingi 4 za Kenya, kwa hiyo ni kama elfu tisini na mbili. Chumba 3,000, stimu na maji 700 (mwenye nyumba anakuuzia stimu baht 7 kwa yuniti, ghali kuliko bei ya serikali, ndo maana mie nililala na feni, eisii niliiwasha joto la Aprili tu), chakula 5,500, skuta ya kukodi 2,000, bando la simu 400, petroli na vikorokoro 1,200, bima ya jamii walikuwa wanakata wenyewe 750. Inabaki 9,450. Kila mwezi. Kwa mtu aliyetoka shule ya praiveti Mombasa akilipwa elfu ishirini na mbili, tena ikichelewa, hiyo ni ndoto.

Sasa ngoja nikuharibie ndoto kidogo. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 10. Shule za Thailand zinafungua katikati ya Mei, zinapumzika Oktoba, zinafunga Machi, na ajenti aliyeniajiri alikuwa halipi Oktoba wala Aprili. Miezi hiyo miwili unakula, unalipa chumba, na hakuna kinachoingia. Kwa hiyo 9,450 mara kumi, toa gharama za miezi miwili ya njaa, nikabaki na kama baht 68,900, yaani shilingi laki mbili na sabini na tano. Na kutoka nyumbani nilikuwa nimetumia laki mbili na nusu, tiketi na makaratasi na deposti ya chumba na chakula cha wiki sita kabla ya mshahara wa kwanza. Umeona? Mwaka mzima nimefundisha watoto "may I go out" na faida yangu ni elfu ishirini na tano. Mwaka wa pili nikahama kwa shule iliyoniajiri moja kwa moja, baht 27,000, miezi 12 yote inalipwa, maisha yale yale, nikaweka zaidi ya baht 160,000. Hiyo ni kama laki sita na nusu. Kwa hiyo ukienda na akili ya mwaka mmoja, kaa nyumbani tu uuze mahamri. Enda na akili ya miaka miwili au mitatu.

Kwa nini Thailand na si Korea ambako wanalipa zaidi? Kwa sababu viza ya Korea ya mwalimu wa Kiingereza, ile E-2, ni ya nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hata uwe umezaliwa ukiongea Kiingereza, haupo kwenye orodha. China nayo kwa kazi ya lugha iko hivyo hivyo, kwa hiyo mtu akikuambia anakupeleka China kufundisha Kiingereza kwa viza ya "biashara" halafu mtarekebisha huko mbele, huyo anakupeleka kwenye shida. Thailand wanachukua sisi, ila wanatuandika kama wasio wenyeji wa lugha na wanatulipa chini ya wazungu, wakati mwingine nusu. Inauma. Mfilipino naye analipwa hivyo hivyo na anafundisha vizuri kutushinda sote.

Makaratasi. Digrii lazima, ya chochote, ikiwa ya ualimu ndo bora zaidi. Chukua na transkripti. Cheti cha tabia njema cha polisi, Kenya unaomba kwa eCitizen halafu unaenda kupiga alama za vidole, usingoje wiki ya mwisho. Mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje juu ya vyeti. Halafu kuna mtihani wa TOEIC, huu wengi hawaambiwi: kwa sababu passport yako si ya wale wenyeji wa lugha, unatakiwa uonyeshe alama, na kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni 600 kati ya 990. Ni maswali 200, saa mbili, kusikiliza na kusoma. Mtu aliyefanya KCSE akapata B ya Kiingereza anaupita akisinzia, lakini fanya mazoezi ya kusikiliza maana wanaongea na pua. Wengi tunaufanyia Bangkok. Kama huna digrii ya ualimu, shule inakuombea kibali cha muda cha kufundisha kutoka Baraza la Walimu, wenyewe wanaliita Khurusapha, kinakaa miaka 2.

Viza unayotaka inaitwa Non-B, inaombwa onlaini kupitia ubalozi wa Thailand Nairobi, na barua zinatoka kwa shule. Ukifika unapewa siku 90, ndani ya hizo shule inakutolea kibali cha kazi, halafu uhamiaji wanakuongezea hadi mwisho wa mkataba. Baada ya hapo kila siku 90 unaripoti unaishi wapi. Kuna ajenti atakwambia ingia na viza ya utalii kwanza tutabadilisha. Wapo waliobadilisha kweli. Wapo pia waliofundisha miezi saba wakijificha kila akija mgeni shuleni, na siku shule ilipogoma kulipa hawakuwa na pa kushtaki, utashtaki vipi na wewe mwenyewe uko kinyume cha sheria.

Hapa ninyamaze utani. Wasichana wetu wameuzwa kwa tangazo la "mwalimu wa Kiingereza Thailand". Tangu 2022 Wakenya wengi, na Waganda na Watanzania pia, wameokolewa kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myawaddy, Myanmar, na wengi wao walidhani wanaenda kazi ya Thailand. Inavyokwenda ni hivi: tiketi wanalipa wao, digrii hawaulizi, intavyu ni ya chati tu, mshahara ni dola elfu na kitu. Unashuka Bangkok, gari linakusubiri, linaenda magharibi masaa saba nane hadi mji wa Mae Sot, usiku unavushwa mto Moei na huo mto ndo mpaka. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege lazima ujue jina la shule, mkoa, uione kwa ramani, upige simu ya ofisi ya shule wewe mwenyewe, na uombe kuongea kwa video na mwalimu mwingine mgeni wa pale pale. Shule ya kweli haikasiriki. Ukiwa ndani ya gari na unaona ramani ya simu inakupeleka Mae Sot wakati kazi uliambiwa ni Bangkok, shuka kituo cha mafuta, jifungie choo cha wanawake, piga 191 polisi au 1155 polisi wa watalii, halafu ubalozi wa Kenya uko Bangkok, nambari yao iwe kwa simu na kwa karatasi ndani ya sidiria. Sikutishi, mie niliiandika hivyo hivyo.

Mkataba ukija, maswali ni machache lakini uliza kwa maandishi. Nalipwa miezi mingapi? Oktoba nusu au yote? Nani analipia kibali cha kazi na kuongeza viza? Vipindi vingapi kwa wiki, vikipita ishirini na viwili uliza kwa nini. Nikiacha kazi katikati mnanikata nini? Na ajenti anakula kiasi gani, ingawa hilo hatakujibu. Wangu nilikuja kujua baadaye kwa mhasibu wa shule, mama mmoja mpole sana, aliniandikia kwenye kijikaratasi: shule inatoa 31,000. Mie napewa 23,000. Nilikunja kile kikaratasi nikakiweka kwenye pochi na siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta shule ya kuniajiri moja kwa moja. Pasipoti usimwachie mtu hata siku moja, piga kopi wape kopi.

Kuishi sasa. Tafuta chumba kwenye jengo la vyumba vya walimu au wanafunzi, mlango wa chini wenye kadi, ghorofa ya pili au ya tatu, si chini. Mwambie mwalimu mwenzako wa Kithai mwanamke aende nawe kukitazama, kwanza bei inashuka, pili mwenye nyumba anajua una watu. Miji ya Isan kwa usalama sikwambii, nilikuwa naenda soko la usiku saa tatu peke yangu bila wasiwasi, kitu ambacho Mombasa sithubutu. Kinachoua walimu kule ni skuta. Helmeti, leseni, na usiendeshe mvua ikinyesha, basi.

Utaulizwa kila siku kama una mume. Mwalimu mkuu atauliza, muuza som tam, ile saladi ya papai bichi, atauliza, mtoto wa darasa la pili atauliza. Hawakutukani, ndo salamu zao, kama sisi tunavyouliza watu wa nyumbani hawajambo. Mie nilivaa pete ya elfu moja niliyonunua Marikiti na nikasema mume yuko Kenya, kelele ikakatika. Nywele watoto watazishika, wiki ya kwanza wacha washike, ya pili waambie inatosha. Na rangi yako itasemwa. Kuna shule ilinifanyia intavyu ikafurahi, ilipoona picha ikanyamaza. Unalia jioni moja, kesho unatuma maombi mengine.

Mizigo: sketi ndefu chini ya goti, maana shule nyingi za serikali mwalimu wa kike havai suruali, sisi wa Pwani hapo hatuna shida. Viatu beba pea tatu kama unavaa 41 kwenda juu, huko saizi hizo za kike ni taabu kupata. Losheni beba pia, madukani kule nyingi zimewekwa kitu cha kung'arisha ngozi. Rasta za kusukia beba pakiti nane na ujifunze kujisuka, kusukwa Bangkok ni pesa ya chumba. Na cheti cha homa ya manjano usikisahau, ukishuka uwanjani kabla ya uhamiaji kuna kaunta ya afya, sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunapita pale kwanza. Wenzangu wawili walisimama foleni ya uhamiaji saa nzima wakarudishwa kule.

Haya, sehemu ngumu, nayo haiko Thailand. Iko kwa simu yako. Ukiwa mwanamke huna mume huna mtoto, familia nzima inaona mshahara wako hauna mwenyewe. "We unakula na nani huko?" Mjomba ana ploti, binamu ana karo, mama hasemi kitu ila anakohoa kwenye simu. Mwaka wa kwanza niliropoka mshahara kwa dada yangu, kwa furaha tu, wiki haikuisha nimeombwa na watu watano. Mwaka wa pili nilifanya hivi. Mshahara ukiingia tarehe 28, siku hiyo hiyo baht 10,000 inahamia akaunti nyingine ambayo haina kadi na haiko kwa simu. Mama namtumia kiasi kimoja, tarehe moja, kila mwezi, na wengine wote nawaambia kiko kwa mama. Ilikuwa kweli. Mama naye akawa kizingiti, na mama yangu akisema hapana hakuna anayerudi mara ya pili. Kila miezi mitatu natuma nyumbani kwa mkupuo mmoja, ada inakuwa moja badala ya tatu. Nilimaliza kwanza mkopo wa chuo wa HELB, kisha nikaweka sako, kisha nikanunua bondi ya serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya, ambayo inaanzia shilingi 50,000 na unanunua kwa simu, hauhitaji mjomba akushikie. Ploti sikununua nikiwa mbali. Nimeona wenzangu walionunua kwa picha za WhatsApp.

Ukitoka kidogo kuja likizo, kata kwanza ruhusa ya kurudi, baht 1,000 ya safari moja. Ukitoka bila hiyo viza yako imekufa pale pale uwanjani, unaanza upya. Na siku ya kuondoka kabisa, shule ifute kibali cha kazi na ikupe barua, na chumba kipake rangi wewe mwenyewe kabla mwenye nyumba hajaja kukikagua. Ndoo ya rangi nyeupe haikufika baht 500. Deposti yangu ilikuwa 6,000 na alinirudishia yote, alihesabu noti mara mbili huku akiniuliza kama yule mume wa Kenya atakuja kunipokea uwanjani.