Funza miguuni: kuua kwanza, kufunga kidonda baadaye

Haya ni ya mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya ya jamii aliyekaa mbele ya mtoto mwenye funza kwenye visigino na pembeni mwa kucha. Kazi hii naifanya Kilifi, kwenye nyumba za sakafu ya udongo, na watoto wengi ninaoletewa huwa wameshachokonolewa kwa pini au mwiba. Mara nyingi pini yenyewe imepita kwa ndugu zake wote, na hapo pepopunda na virusi hupata mlango. Kwa hiyo tuelewane mapema: hatuchokonoi. Funza tunamuua pale pale alipo, kisha tunafunga palipo wazi tu.

1. Osha. Karai, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande. Kausha hadi katikati ya vidole.

2. Tenganisha mzima na mfu. Keti na mtoto penye mwanga. Funza mzima ni uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ni mkia wake, ameuacha nje apate kupumua na kutaga. Ukimwangalia kwa lenzi ya mkono utamwona akipwita, au akitoa majimaji, uzi wa kinyesi, wakati mwingine yai jeupe. Mfu ni gamba jeusi au la kahawia lililotulia. Huyo mwache, ngozi itamtema yenyewe. Vita vingi vya pini hupiganwa na maiti.

3. Ua. Mimi ni wa dimetikoni nyepesi, mafuta yale ya silikoni yanayotumika kwa chawa. Hayana sumu, hupenya mkiani na kumziba pumzi. Weka tone juu ya kila nukta nyeusi, rudia mara mbili ndani ya dakika 10, kisha acha mguu ukauke kabla haujagusa mchanga. Katika jaribio lililofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, kufikia siku ya 7 dawa hii ilikuwa imeua karibu mara mbili ya pamanganeti, zile chembe za zambarau za kuyeyusha majini. Ila inashika moto, basi usiipake karibu na mafiga wala koroboi.

Ukiikosa, tumia pamanganeti: gramu 5 kwa lita 10 za maji, miguu ikae humo dakika 15. Koroga hadi chembe zote ziyeyuke, kisha chuja kwa kitambaa, maana chembe moja ikibaki huunguza ngozi. Mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea mifugo sitaki hata kuzisikia.

4. Funga. Hapa ndipo watu wanapoteza asubuhi nzima, mtoto analia na mama analia.

Kwanza, funza ambaye ngozi yake haijapasuka hahitaji bendeji. Funga vidonda vilivyo wazi tu. Pili, dimetikoni itangulie. Vaselini ikishazifunika zile nukta, tone la dawa litateleza pembeni.

Tatu, gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda, isikae moja kwa moja juu ya kidonda. Majimaji hukaukia kwenye nyuzi zake, na kesho ukiivuta inaondoka na ngozi changa iliyoanza kuota. Mtoto akishaonja uchungu huo, hatakupa mguu tena. Kwa hiyo chukua gozi safi iliyofungwa kiwandani, nawa mikono, uipake vaselini kutoka kwenye kopo jipya hadi nyuzi zote zilowe. Kopo ambalo nyumba nzima imeshachovya vidole halifai.

Safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Spiriti na peroksaidi hazimo kwenye mkoba wangu: zinachoma na kuumiza nyama mpya. Ayodini naikubali siku ya kwanza tu, kwa kidonda kichafu. Marhamu ya antibiotiki ni pale penye usaha na muuguzi ameshaona; ipake nyembamba chini ya gozi.

Kata gozi ya vaselini itoshee kidonda. Katikati ya vidole pitisha ukanda mwembamba, visije vikashikana. Juu yake weka gozi kavu ya kunyonya majimaji, halafu zungusha bendeji kutoka vidoleni kuja juu. Bonyeza kucha ya kidole gumba: ikiwa weupe hauondoki upesi, umekaza mno, legeza. Usifunike kwa plastiki, jasho litaozesha kila kitu. Soksi safi inatosha.

Badilisha kila siku kidonda kikiwa na maji, kisha kila baada ya siku mbili. Ikinata, usivute hata kidogo. Tumbukiza mguu kwenye yale maji ya chumvi, piga hadithi na mtoto, ijiachie yenyewe.

5. Peleka kituo cha afya ukiona homa, harufu, wekundu unaopanda mguuni, au mgonjwa akiwa na kisukari. Na kama chanjo ya pepopunda haijakamilika, nendeni leo hii.

6. Sakafu. Mayai huangukia mchangani, na wiki chache baadaye wapo wapya. Siriba au weka saruji, mwagia maji kabla ya kufagia, mtoto avae viatu vya kufunika. Mbwa, mbuzi na panya nao hubeba funza.

7. Siku ya saba rudi na lenzi. Anayepwita bado apewe dawa tena.