Kocha Mkuu wa Ohio State: Umdai Nini, Umsamehe Nini

Ukihamia Columbus, Ohio, utagundua upesi kwamba kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba Jumamosi zina wenyewe. Ohio State, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani (si soka), wakicheza nyumbani, zaidi ya watu laki moja huingia uwanjani, barabara za karibu hufunga tangu asubuhi, na Jumatatu kazini anayezungumzwa ni kocha. Kwetu sisi tuliokulia Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, kumshambulia kocha si jambo geni. Lakini kocha wa futiboli ya chuo ana kazi tofauti na ya kocha wa klabu, na asiyejua tofauti hiyo humwonea.

Kwanza, kikosi chake hakidumu. Mchezaji ana misimu michache tu ya kucheza, na aliye hodari anaweza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, miaka mitatu tu baada ya sekondari. Tangu 2021 wachezaji wanahama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa. Kwa hiyo kila Januari angalia nani kaja, na zaidi ya hapo nani kabaki. Mimi hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Baada ya msimu wa 2023, wachezaji wa Ohio State Jack Sawyer, Emeka Egbuka na wenzao kadhaa wangeweza kuondoka kwenda NFL. Walirudi kwa kocha mkuu, Ryan Day. Pamoja nao akamleta Will Howard kutoka Kansas State na Caleb Downs kutoka Alabama.

Pili, usimbebeshe kila mchezo ulioharibika. Mara nyingi anayepanga mashambulizi ni msaidizi. Mwaka 2024 Day alimwachia Chip Kelly kazi hiyo. Cha kumdai kocha mkuu ni wasaidizi aliowachagua, nidhamu ya vijana, na maamuzi mazito: timu ikibakiwa na jaribio lake la mwisho la kutimiza yadi 10, wapige mpira mbali au wathubutu?

Halafu kuna Michigan, chuo cha jimbo jirani na watani wa jadi. Hapa mashabiki hawana msamaha, nami sioni kosa lao. John Cooper alishinda mechi zaidi ya 100 akiwa Ohio State, ila dhidi ya Michigan alishinda mbili tu katika 13, na baada ya msimu wa 2000 akaondolewa. Novemba 30, 2024, Day alifungwa nyumbani 13–10, kipigo cha nne mfululizo kutoka kwao, na wengi mjini wakataka afukuzwe. Lakini msimu huo ndio mchujo wa ubingwa ulipopanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Ohio State wakapata nafasi, wakawapiga Tennessee, Oregon na Texas, na Januari 20, 2025 wakawafunga Notre Dame 34–23 wakawa mabingwa wa taifa. Novemba iliyofuata wakaishinda Michigan 27–9 nyumbani kwao kulekule Ann Arbor. Dai ushindi dhidi ya watani, ila hukumu isubiri Januari. Tena kumfukuza kocha ni gharama: mwaka 2023 Texas A&M walibaki wakidaiwa na Jimbo Fisher, kocha waliyemfukuza, zaidi ya dola milioni 75.

Mzazi mwenye kijana anayecheza sekondari asikilize zaidi ya shabiki. Kocha akija nyumbani kumshawishi mwanao, muulize ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi, akiumia nani atalipia matibabu na hadi lini, na masomo yake yatasimamiwa na nani. Pata majibu kwa maandishi kutoka chuoni, maana kocha anaweza kuondoka Desemba, na ahadi yake ya mdomo haimfungi atakayemrithi.